Bodi Umeichomeka, Kompyuta Imenyamaza

"Shikamoo fundi. Bodi yangu imekufa."

Aliyesema hivyo ni binti wa kidato cha tatu, ametoka Pasua kwa miguu, bodi ameiviringisha kwenye kitambaa kama yai. Ilikuwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki unayoipandishia programu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, zile za kunakiliwa zinazouzwa kwa bei nafuu. Nikamwitikia, nikampa kiti, nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayefika mezani kwangu hapa Mbuyuni, Moshi, na kilio cha namna hiyo: ulipoichomeka, kompyuta ilisema nini?

"Haikusema kitu."

"Na taa?"

"Zinawaka, fundi. Moja inapepesa."

Hapo nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika, ingawa yeye hakujua. Bodi nyingi ninazoletewa kama maiti ni nzima kabisa. Nyingine zina kidonda kidogo kinachotibika. Linaniuma kuona mwanafunzi anachangisha hela ya bodi mpya, aagize Dar ije kwa basi, asubiri siku kadhaa, halafu aichomeke kwa waya uleule na kimya kiwe kilekile. Ndiyo maana naandika hapa jinsi ninavyotafuta ugonjwa, dalili kwa dalili.

Hodi, karibu, jina na ukoo

Kabla ya kushika bisibisi, elewa mazungumzo yanayopita kwenye ule waya. Yanaisha kabla hujapepesa jicho, lakini yana hatua.

Ndani ya waya wa kawaida wa USB mna nyaya nne: nyekundu inaleta volti 5, nyeusi ni ardhi, na mbili nyembamba, kijani na nyeupe, zinabeba maneno. Hizo mbili huitwa D+ na D-. Bodi ikishapata umeme inapiga hodi: inauvuta waya wa D+ kwenda juu kuelekea volti 3.3 kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Kompyuta ikiona waya umepanda inajua kuna mgeni mlangoni. Inaitikia karibu, inampa mgeni namba ya kiti, kisha inamuuliza jina. Nanyi mnajua huku Uchagani mgeni haishii kwenye jina, lazima ataje na ukoo. Bodi nayo hutaja vyote viwili: namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Mwisho kompyuta inatafuta anayejua lugha ya mgeni huyo, yaani draiva, na hapo ndipo poti, yaani mlango wa kupitishia maneno, inapofunguliwa: COM3 au COM7 kwenye Windows, /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0 kwenye Linux.

Kila dalili nitakayoitaja hapa chini ni mahali ambapo mazungumzo hayo yalikatikia. Ukijua yalikatikia wapi, huna haja ya kubahatisha.

Jambo la pili la kujua mapema ni kwamba bodi zina koo mbili. Kuna zinazotumia mkalimani: chipu kubwa, ile inayoendesha programu yako, haijui USB, kwa hiyo kuna chipu ndogo pembeni inayotafsiri. Uno, Nano na ESP32 za kawaida ziko hivyo, na mkalimani huwa CH340, CP2102, FT232, au ATmega16U2 kwenye Uno halisi. Kuna na zinazozungumza USB zenyewe, bila mkalimani: Leonardo, Raspberry Pi Pico, ESP32-C3 na S3 zilizounganishwa moja kwa moja. Ugonjwa wa ukoo mmoja si ugonjwa wa mwingine. Kwenye Uno, hata programu yako iwe mbovu kiasi gani, hata chipu kubwa iungue, mkalimani mzima bado atapiga hodi na poti itaonekana. Kwenye Pico, programu yako peke yake inatosha kuifanya bodi iwe bubu.

Sikiliza kabla ya kupima

Kwenye Windows fungua Device Manager, iache wazi mbele yako, kisha chomeka bodi. Angalia kinachobadilika. Chomoa, angalia kinachotoweka. Kwenye Linux andika sudo dmesg -w kisha chomeka, utayasoma mazungumzo yote mstari kwa mstari; lsusb nayo itakuonyesha jina na ukoo. Kwenye Mac andika ls /dev/cu.* mara mbili, kabla na baada ya kuchomeka, ulinganishe. Kompyuta mpakato mpya za Apple huuliza kwanza ruhusa ya kifaa kuunganishwa, na ukilipuuza lile dirisha bodi inabaki nje.

Mimi natumia Linux kwa kazi hii hata kama mwenye bodi anatumia Windows. Linasema ukweli mwingi zaidi. Ukiwa na flashi yenye Ubuntu ya kuwashia kompyuta, unaweza kupima bila kugusa chochote kwenye diski.

Kimya, na hata taa haiwaki

Hapa umeme haujafika, basi usipoteze muda na draiva. Badilisha waya, badilisha tundu la kompyuta, acha habu, kile kigawa matundu ya USB, chomeka moja kwa moja. Kisha weka mita kati ya pini ya 5V na GND. Ukichomeka kwa USB inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Nano ina dayodi njiani, hivyo 4.6 kwake si ugonjwa.

Ikiwa bodi ina soketi ya Type-C kuna mtego mmoja unaowachanganya hata mafundi. Chaja au kompyuta yenye tundu la Type-C haitoi umeme mpaka ione rezista za kiloomu 5.1 upande wa kifaa. Bodi nyingi za bei nafuu hazikuwekewa rezista hizo. Ukitumia waya wa C kwa C, kimya. Ukitumia waya wenye kichwa kipana cha zamani upande wa kompyuta, taa inawaka mara moja. Bodi haijafa, imenyimwa rezista kiwandani. Tumia waya wa kichwa kipana uendelee na kazi.

Uwezekano mwingine ni shoti. Windows itakuandikia kuhusu power surge, Linux itataja over-current, na tundu la USB litajizima ili kujilinda. Chomoa haraka. Ondoa kila kitu kilichounganishwa kwenye bodi: rilei, sensa, skrini, hata nyaya tupu. Bodi ikiwa imechomolewa, pima ukinzani kati ya 5V na GND. Ikisoma karibu na sifuri, shoti iko kwenye bodi yenyewe. Uno ina fyuzi ya miliampia 500 inayojirudisha, kwa hiyo baada ya shoti iache ipoe dakika chache kabla ya kuitangaza marehemu.

Taa inawaka, kompyuta haina habari

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na ndiyo aliyokuja nayo yule binti.

Mshukiwa wa kwanza ni waya. Niliwahi kuuchana mmoja kwa wembe mbele ya vijana watatu waliokuwa wakibishana nami. Ulikuwa waya mweupe mzuri, uliokuja na spika ya mkononi. Nikaupasua kwa urefu kama anayechuna ganda la muwa, nikaufungua: ndani nyekundu na nyeusi, basi. Kijani hakuna, nyeupe hakuna. Waya huo umetengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu. Unaleta umeme, taa ya bodi inawaka, moyo wako unatulia, lakini mdomo wa bodi umefungwa. Kompyuta haiwezi kusikia hodi isiyopigwa.

Kuujua waya huna haja ya kuuchana. Uchomeke kwenye simu yenye soketi ya aina hiyo, uiunganishe na kompyuta ujaribu kuhamisha picha. Picha zikionekana, waya unabeba maneno. Usipime kwa kuchaji, kuchaji hakuthibitishi chochote. Nimeona pia kwamba tatizo hili linawapata zaidi wenye bodi za soketi ndogo, kwa sababu wanaokota waya wowote wa simu, tochi au spika. Uno kubwa hutumia waya wa printa, na waya wa printa ni nadra sana kukosa nyaya za maneno. Ukishapata waya mmoja unaouamini, ufunge utepe mwekundu na usimwazime mtu wa kuchaji simu. Wangu una utepe, na hauondoki kwenye droo.

Mshukiwa wa pili ni soketi. Kiangazi hapa mjini vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na soketi ndogo ya USB ni shimo zuri la kulipokea. Mulika tochi ndani. Safisha kwa mswaki laini na spiriti, bodi ikiwa haina umeme, uache ikauke. Kisha tazama miguu ya soketi kwa lenzi. Bodi inayochomekwa na kuchomolewa kila siku huanza kung'oka risasi, na miguu ya katikati, ile ya D+ na D-, ni myembamba. Inaweza kuachia huku ya umeme imeshika. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu wa soketi, nyingine kwenye chipu. Kwenye CH340G, D+ iko pini ya 5 na D- pini ya 6. Mlio ukikosekana, choma upya kwa risasi kidogo na fluksi ya kutosha. Baadhi ya bodi zina rezista ndogo njiani, hivyo kama mita haipigi mlio soma na ukinzani kabla ya kuhukumu. Oumu ishirini na kitu ni njia nzima.

Kama bodi yako ni ya ukoo usio na mkalimani, mshukiwa wa tatu ni wewe mwenyewe, yaani programu uliyoipandisha mara ya mwisho. Hapa nataka tukae kidogo.

Kijana mmoja wa Kibosho aliniletea ESP32-C3. Alikuwa anapima unyevu wa udongo kwenye kihamba cha babu yake, kati ya migomba na kahawa. Programu yake ilikuwa safi: bodi inaamka, inapima, inatuma, inalala nusu saa ili betri idumu. Ilifanya kazi siku ya kwanza. Siku ya pili akataka kubadilisha kitu, akachomeka, poti haipo. Akaangalia kwa makini akaona inatokea, kisha inapotea kabla hajabonyeza chochote. Akaamini kauziwa kitu feki.

Bodi ilikuwa inafanya kile hasa alichoiagiza. C3 inazungumza USB yenyewe. Ikilala usingizi mzito, na mdomo unalala. Dawa yake ni kuiamsha bila kuiruhusu isome programu: shikilia kitufe cha BOOT, bonyeza RESET mara moja ukiachie, kisha uachie BOOT. Sasa inasikiliza kutoka kwenye maneno yaliyochomwa ndani ya silikoni kiwandani, ambayo programu yako haiwezi kuyafuta. Poti ikatokea na ikabaki. Nikamshauri aongeze sekunde kumi za kukaa macho mwanzoni mwa programu, kabla ya kulala, ili siku nyingine apate nafasi ya kuingia.

Pico ina njia kama hiyo na ni rahisi zaidi. Ichomoe, shikilia BOOTSEL, ichomeke ukiwa umeshikilia. Ikitokea diski iitwayo RPI-RP2, shukuru: waya ni mzima, soketi ni nzima, chipu ni nzima. Tatizo lilikuwa programu. Na wala si lazima iwe na kosa. Programu iliyoandikwa kwa C bila kuwasha USB haifungui poti yoyote, na kimya hicho ni cha kawaida. Ukitaka kuanza upya kabisa, dondosha faili la flash_nuke.uf2 kwenye diski hiyo, litafuta kilichomo. Lakini RPI-RP2 isipotokea hata kwa waya wenye utepe mwekundu, rudi kwenye soketi na risasi.

Kwenye Leonardo na ndugu zake, bonyeza reset. Baadhi hutaka mara mbili harakaharaka. Kile kijiprogramu cha kuamkia, butiloda, hukaa macho kama sekunde 8 tu, na ndani ya sekunde hizo poti huonekana, mara nyingi kwa namba tofauti. Anza kupandisha programu kwanza, na kompyuta ikimaliza kuitafsiri ndipo ubonyeze reset. Utakosea mara mbili tatu, mkono ukizoea utaipata.

Kompyuta inasema haimtambui mgeni

Windows huandika Unknown USB Device, ndani yake Code 43, mara nyingine na maneno Device Descriptor Request Failed. Linux huandika device descriptor read/64, error -71, au error -110. Watu hukimbilia kupakua draiva, na bando linaisha bure. Soma tena: kompyuta imesikia hodi, imeuliza jina, na jibu limekuja limevurugika, ndiyo -71, au halikuja kabisa, ndiyo -110. Jina halijafika, sasa draiva ya nani utaitafuta?

Chanzo kiko kwenye vitu vya kushika kwa mkono. Waya mrefu au uliochoka. Habu mbovu. Tundu la mbele la kompyuta ya mezani, lililounganishwa ndani kwa waya hafifu. Hamia la nyuma. Soketi uliyoichoma mwenyewe ukageuza D+ na D-. Umeme unaozama: kabla kompyuta haijamkubali mgeni rasmi, USB inamruhusu miliampia 100, na akishakubaliwa 500. Bodi iliyofungwa pampu, sevo au rilei tatu inaomba zaidi ya hapo tangu mlangoni. Zing'oe zote, ichomeke bodi ikiwa tupu.

Bodi tupu ikiendelea vilevile na ina CH340G, tazama kristali ya megahezi 12 kando yake, kile kikopo kidogo cha bati. Chipu hiyo inahesabu muda kwa kristali, na muda ukiyumba maneno yanavurugika. Bodi ikianguka sakafuni kristali ni ya kwanza kuumia. Naibadilisha kwa iliyong'olewa kwenye bodi nyingine mbovu. CH340C haina kristali ya nje, kwa hiyo usiitafute.

Jina limefika, lugha haijulikani

Hapa alama ya njano inatokea kwenye Device Manager pamoja na Code 28. Hii ndiyo dalili pekee ambayo kweli dawa yake ni draiva. Fungua Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids usome namba. 1A86 na 7523 ni CH340. 10C4 na EA60 ni CP2102 na ndugu zake. 0403 na 6001 ni FT232. 2341 na 0043 ni Uno halisi. 303A na 1001 ni USB ya ndani ya ESP32 mpya. Ukishajua ukoo, chukua draiva kwa mtengenezaji wa chipu mwenyewe, si kwenye tovuti inayokupa na matangazo kumi. Windows 10 na 11 mara nyingi huivuta zenyewe zikiwa na intaneti. Mimi naweka draiva zote kwenye flashi kwa sababu wengi wanaokuja hawana bando.

Kwa chipu za kughushi mambo hubadilika. Mwaka 2014 draiva ya FTDI, watengenezaji wa FT232, iliyofika kupitia masasisho ya Windows ilibadilisha namba ya bidhaa ya chipu za kuigiza ikawa 0000, na bodi zilizokuwa zikifanya kazi jana zikapotea leo. Kampuni iliiondoa draiva hiyo baada ya malalamiko. Ukikuta 0403 na 0000, sasa unajua ilikotoka. Adapta za PL2303, mkalimani mwingine, nazo, zikiwa za kughushi au za toleo la zamani, hutoa Code 10 kwa draiva mpya.

Kwenye Linux draiva karibu zote zimo tayari, shida huwa mbili. Ya kwanza ni ruhusa: poti ipo lakini unaambiwa Permission denied. Andika sudo usermod -aG dialout $USER, kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Wengi husahau kutoka. Ya pili imewasumbua wengi tangu Ubuntu 22.04: ttyUSB0 inatokea na kupotea papo hapo, na dmesg inataja brltty. Hiyo ni huduma ya mashine za kusomea Breli, nayo inaidhania CH340 kuwa ni mojawapo. Kama hakuna asiyeona anayeitegemea kwenye kompyuta hiyo, sudo apt remove brltty inamaliza kazi. Kama yupo, usiiondoe, tumia bodi yenye mkalimani mwingine.

Inakuja na kupotea

Mlio wa kuunganishwa, mlio wa kukatika, tena na tena. Gusa waya kwa upole karibu na soketi. Mlio ukifuata kidole chako umeshaupata ugonjwa. Usipofuata kidole, tazama unafuata nini. Ukifuata Wi-Fi kuwaka, ESP32 inakosa nguvu: Espressif, watengenezaji wake, wenyewe wanashauri chanzo kinachoweza kutoa miliampia 500 au zaidi. Ukifuata kutumwa kwa ujumbe wa simu, ni moduli ya SIM800L, ambayo kwa kitambo kifupi huvuta hadi ampia 2. USB ya kompyuta haiwezi kuibeba. Ipe betri yake, unganisha ardhi zote pamoja. Ukifuata rilei ya pampu kuzimika, ni cheche za mota zinazoingia kwenye saketi. Tenga nyaya za pampu mbali na waya wa USB na uweke dayodi kwenye koili. Na kama kompyuta inachajiwa kwenye ekstensheni isiyo na waya wa ardhi, jaribu ikiwa kwenye betri yake.

Poti ikiwepo, imetulia, lakini programu haipandi, hilo ni tatizo jingine, bodi imeshatambulika. Angalia kama hakuna dirisha jingine lililoishika poti, na kwa Nano za zamani chagua Old Bootloader.

Bodi ya Pasua

Sasa turudi kwa yule binti. Waya wangu wenye utepe, kimya. Kompyuta yangu, kimya. Dmesg haikuandika hata herufi moja. Soketi ya printa, imara. Lakini taa ya pini 13 ilikuwa inapepesa sekunde kwa sekunde, sawasawa na programu aliyoipandisha wiki iliyopita. Kumbuka koo mbili: hii ni Uno, ina mkalimani. Chipu kubwa inayopepesa taa kwa hesabu sahihi iko hai. Aliyenyamaza ni mkalimani.

Nikaweka kidole juu ya CH340. Nikakiondoa mara moja.

"Kuna kitu kiliigusa hii bodi?"

Akafikiri. "Tulikuwa tunatumia betri ya pikipiki. Waya uliteleza."

Volti 12 kwenye njia ya volti 5. Ajabu ni kwamba chipu kubwa ilinusurika. Nikaibandua CH340 kwa hewa moto, nikachomeka tena: taa ya 13 ikaendelea kupepesa, na bodi ikapoa. Kisha nikachukua adapta ndogo ya USB kwenda siriali, nikaunganisha 5V na 5V, GND na GND, TX ya adapta, inayotuma, kwenye pini 0, RX yake, inayopokea, kwenye pini 1, na pini yake ya DTR kwenye RESET kupitia kapasita ya nanofaradi 100, ili bodi ijianzishe yenyewe wakati wa kupandisha programu. Nikampa adapta aichomeke kwa mkono wake.

Safari hii dmesg iliandika. Akainama akasoma mstari wa mwisho kwa sauti, ttyUSB0, akabadilisha muda wa kupepesa kutoka 1000 kwenda 200, akapandisha. Taa ikaanza kukimbia. Adapta tuliifunga kwenye bodi kwa utepe mweusi, akaiviringisha tena kwenye kitambaa chake, akaondoka kuwahi kabla giza halijaingia.